Dakika Arobaini na Tano hadi Kikomo

Ninyi wa nchi nyingine mniwie radhi mapema, maana kwenu mambo haya hayapo. Kwenu, nasikia, safari ya ndege hupimwa kwa saa ya ukutani, na mwenye shaka humuuliza rubani. Nchi yetu, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nakula mshahara wake, imeshapita hatua hiyo. Sisi tuna Idara ya Umbali na Mwendo, na mimi ndiye Mkokotoaji Mkuu wa idara hiyo.

Ukiitazama kijuujuu, kazi yangu ni nyepesi. Ndege moja huondoka kila siku saa mbili asubuhi kutoka Kitovu, mji wetu mkuu, kwenda Kikomo, mji wa mwisho kabisa wa nchi, ambako hata redio ya taifa hufika imeshapoteza sauti. Mimi hujaza fomu ya safari: umbali, muda, mafuta. Kisha nagonga muhuri. Bila muhuri wangu ndege haitiwi mafuta hata ya kuwashia injini. Kwa miaka kumi na moja niliandika kilomita 2,140, mwendo wa saa tatu na dakika ishirini, na hakuna aliyewahi kuniletea maneno.

Halafu Mtukufu Kiongozi akaamua kwenda Kikomo mwenyewe.

Alikwenda kufungua jengo la abiria ambalo mawaziri wawili walikuwa wameshalifungua kwa nyakati tofauti. Kapteni Lusajo, rubani wa safari hiyo na mtu mkweli kupita kiasi kinachofaa kiafya, alinisimulia yaliyotokea. Mtukufu alikaa, akafunga mkanda, akanywa chai, akatazama mawingu kwa muda, kisha usingizi ukampitia. Alikoroma hadi Kapteni akadhani injini ya kushoto ina hitilafu. Alizinduka ndege ikiwa inashuka. Akatazama saa yake ya dhahabu, ambayo haijatembea tangu siku aliyozawadiwa, akaridhika nayo, akashuka ngazi huku akipunga mkono.

Pale uwanjani akahutubia. "Wananchi wa Kikomo, miaka yote nimekuwa nikiambiwa kwamba ninyi mko mbali. Nani kasema mko mbali? Nimeondoka Kitovu sasa hivi. Chai niliyokunywa bado ina moto tumboni. Ni dakika arobaini na tano tu. Wanaosema Kikomo ni mbali ndio hao hao wanaotaka kuigawa nchi yetu."

Watu walipiga makofi, kwa sababu makofi hayakaguliwi. Nanyi mtauliza: je, hakukuwa na mtu mmoja wa kumnong'oneza? Walikuwepo arobaini. Lakini nchini kwetu kila ukuta wa ofisi, kila jalada la daftari la shule na kila pakiti ya chumvi imeandikwa LALA MWANANCHI, KIONGOZI YUKO MACHO. Tamko hilo limo hata kwenye katiba, ibara ya pili. Sasa mtu akisema safari ni ya saa tatu na dakika ishirini, ataulizwa zile saa mbili na dakika thelathini na tano zilizobaki zilikwenda wapi. Na jibu ni moja tu, na jibu hilo lina kifungo chake. Basi wote arobaini wakafunika kombe mwanaharamu apite.

Mwanaharamu hakupita. Alikuja ofisini kwangu kesho yake, akiwa na umbo la Waziri wa Anga, Mheshimiwa Gaudensi Mapunje.

Mheshimiwa alitaka fomu zote ziandikwe upya: kilomita 480, dakika arobaini na tano, na mafuta ya kutosha mwendo huo, si tone zaidi, kwa kuwa ziada ni hujuma. Nikamweleza kwa adabu kwamba mafuta hayo yangeishia juu ya ziwa kubwa. Akasema huo ni mtazamo hasi. Kapteni Lusajo, aliyekuwa ameitwa kusikiliza tu, akasema yeye yuko tayari kuruka na mafuta hayo wakati wowote, mradi Mheshimiwa Waziri akae siti ya mbele. Mheshimiwa akafungua dirisha, akafunga dirisha.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoponza kichwa. Kusema kweli nilikuwa nawafikiria abiria. Nisingeweza kula wali wangu wa mchana nikijua watu sitini wamekaa juu ya tangi tupu. Nikashauri kwamba ndege iandikwe imefika Kikomo kwa dakika arobaini na tano kama alivyosema Mtukufu, kisha, kabla ya kutua, iandikwe kuwa inazunguka juu ya mji kwa saa mbili na dakika thelathini na tano, kwa heshima ya Mtukufu. Mafuta ya safari yangekuwa machache na ya kizalendo. Mafuta ya heshima yangekuwa mengi, na nani angethubutu kupunguza heshima?

Mheshimiwa alinikumbatia. Wiki iliyofuata nikavishwa Nishani ya Umbali, daraja la tatu, na jambo langu likapewa jina rasmi: Mizunguko ya Heshima. Ndege iliendelea kuruka kama zamani, kwa njia ile ile na muda ule ule. Nikajiona mjanja. Nilikuwa nimewaokoa watu, nimemridhisha mkubwa, na kilichoumia ni karatasi tu.

Lakini uongo wa serikali hauachwi peke yake. Lazima utafutiwe ndugu. Wizara ya Elimu ikachapa ramani mpya zenye Kikomo mahali panapostahili, yaani sentimita tano kasoro kidogo kutoka Kitovu. Kwa bahati mbaya mahali hapo ni katikati ya ziwa, kwa hiyo watu wa Kikomo, ambao wengi wao hawajawahi kuona samaki akiwa hai, wakaamriwa kukata leseni za uvuvi. Methali isemayo njia ya mwongo ni fupi ikafutwa vitabuni kwa kuwa ilionekana inaitania Wizara ya Anga. Na rula zikatakiwa kusajiliwa.

Kisha likaja agizo la kupunga mkono.

Ilionekana ni utovu wa nidhamu ndege ya taifa izunguke kwa heshima juu ya mji, saa mbili na nusu na zaidi, halafu wananchi waendelee kukaanga mihogo. Kila siku, kuanzia saa tatu kasorobo asubuhi hadi saa tano na dakika ishirini, watu wa Kikomo walitakiwa watoke nje na kuipungia mkono. Wakatoka. Wakaangalia juu. Hawakuona kitu, kwa kuwa wakati huo ndege ilikuwa ndiyo kwanza inalivuka ziwa. Mkuu wa wilaya akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ndege inazunguka juu sana, na kwamba huonwa na wenye moyo safi. Muuza mkaa mmoja akasema ameiona mara mbili. Alifanywa balozi wa nyumba kumi siku hiyo hiyo, na kesho yake mji mzima ulikuwa ukiiona.

Walioumia zaidi ni wanafunzi. Hao walipangwa mistari uwanjani, bila kofia, mkono wa kulia juu. Siku ya nane mtoto wa darasa la nne aitwaye Tausi alizidiwa na jua, akaanguka kifudifudi kwenye kokoto, akang'oka meno mawili. Mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Kasanda, anayefundisha jiografia. Alimfuta mtoto damu, akaliingiza darasa zima ndani kwenye kivuli, akafunga mlango.

Huyu Mwalimu Kasanda ni shemeji yangu. Amemuoa Chausiku, mdogo wangu, tuliyechangia naye titi moja. Ni mtu mpole, mwenye ubishi wa chini kwa chini kama walimu wengi, na ana tabia moja mbaya ya kuamini kwamba ukiulizwa swali unatakiwa ulijibu. Watoto walimuuliza ndege iko wapi. Akatoa ramani ya zamani iliyokuwa nyuma ya kabati, akaibandika ubaoni, akampa mwanafunzi mmoja rula. Sentimita ishirini na moja na kidogo. Kila sentimita ni kilomita mia. Wakagawanya kwa mwendo wa ndege.

Akawaambia ndege itafika saa tano na dakika ishirini, na mpaka hapo wasome. Ilipofika saa tano na dakika ishirini wakasikia muungurumo, na ndege ikatokea upande wa mashariki kama walivyokokotoa. Watoto wakapiga makofi, na haya hayakuwa ya kuamriwa. Ndiyo maana yalisikika hadi kwa mkuu wa wilaya.

Shemeji alikamatwa jioni ile kwa kosa la kupima nchi bila kibali. Kielelezo kilikuwa rula moja ya mbao, sentimita thelathini, isiyosajiliwa. Shauri kubwa namna hii lilihitaji mtaalamu, na mtaalamu nchini yuko mmoja. Nikaletewa wito wa kutoa ushahidi Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, mahakama ya Kikomo.

Siku mbili kabla, Chausiku akapanda ndege na kunifuata Kitovu. Aliingia ofisini na vumbi la kwao miguuni, akaweka mfuko wa karanga mezani, akakaa. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana kwa kirefu, tukaulizana habari za watoto. Kisha akaitazama nishani yangu ukutani, na hakuuliza imetengenezwa kwa madini gani.

"Kaka, hii mizunguko umeiandika wewe?"

Nikamweleza kuhusu mafuta, abiria sitini, ziwa. Nilieleza vizuri sana. Alisikiliza mpaka nikamaliza, nami niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa nimejiandaa.

"Sikuja kukulaumu," akasema. "Nimekuja kwa jambo moja. Mume wangu akisema ni kilomita elfu mbili, wanamcheka. Mimi nikisema, wananiambia nikapike. Wewe una muhuri. Alhamisi watakuuliza. Waambie muda wa kweli, basi. Wakishausikia kutoka kwako hawana kesi."

"Nitasema," nikamwambia, na nilikuwa na nia hiyo kabisa. Niliapa kwa marehemu mama yetu, bila kuombwa.

Kwa kuwa kesi ilikuwa saa tatu asubuhi na ndege ni moja, niliomba ruhusa ya kuondoka Jumatano. Ofisi ya safari ikanikatalia. Mtu anayekwenda mwendo wa dakika arobaini na tano, waliniandikia, hana sababu ya kulala njiani. Aondoke saa mbili, atafika saa tatu kasorobo, na atabakiwa na robo saa ya kunywa maji. Barua hiyo ilikuwa imerejea kanuni, na kanuni hiyo ilikuwa na sahihi yangu chini. Nilipoisoma nilitamani kula karatasi.

Alhamisi tukapanda, mimi na Chausiku, siti mbili za dirishani. Dakika ya arobaini na tano ilipotimia, mhudumu wa ndege alisimama akatangaza kwamba tumewasili Kikomo, akatutakia makazi mema, akatuomba tubaki vitini kwa ajili ya Mizunguko ya Heshima na tuwapungie mkono wananchi walio chini. Chini kulikuwa na maji matupu. Abiria sitini wakalipungia ziwa. Mvuvi mmoja katika mtumbwi wake akatupungia pia, maskini, labda alidhani ni watu wanaomjua.

Baada ya ziwa ukaja msitu, baada ya msitu vilima, kisha tambarare ndefu ya manyasi isiyo na hata paa moja la bati. Bibi mmoja nyuma yangu alikuwa akisali kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa macho dakika zote mia mbili. Nilihesabu mito. Nilirudia sentensi yangu moyoni mpaka ikawa laini: kilomita elfu mbili mia moja na arobaini, mwendo wa saa tatu na dakika ishirini. Chausiku alinishika mkono tulipoanza kushuka.

Tulifika mahakamani kukaribia saa sita. Mngetegemea tukute hakimu amekasirika. Tulimkuta uani, yeye, mwendesha mashtaka, makarani, askari na mshtakiwa mwenye pingu, wote wamesimama wakipunga mkono angani. Walikuwa hapo tangu saa tatu kasorobo na hakuna aliyewaambia waache. Hakimu, mtu mnene mwenye pumzi fupi, alikuwa ameshabadilisha mikono mara nyingi. Aliponiona naingia langoni kwa miguu alitazama juu, akanitazama mimi, akasema, "Shahidi ameshuka. Tuingie."

Mwendesha mashtaka alinionyesha fomu. Akaniuliza kama ule muhuri ni wangu. Nikasema ni wangu. Akauliza kama fomu inasema dakika arobaini na tano. Nikasema fomu inasema hivyo, nikaona nimejibu kijanja, kwamba nimeisemea fomu na sio mimi mwenyewe. Akaketi. Nikashusha pumzi, nikisubiri swali lenyewe ili niitoe sentensi yangu.

Shemeji hakuwa na wakili. Alisimama yeye mwenyewe na pingu zake, amevaa shati lile lile alilokamatwa nalo. Alinisalimu kwanza, kwa heshima, kama tumekutana sebuleni.

"Shemeji, nina swali moja. Leo umekuja kwa ndege. Kwa karatasi zako, ndege ilizunguka juu ya mji wetu kwa saa mbili na nusu na zaidi. Ulipotazama chini muda wote huo, uliuona mji wetu?"

Lilikuwa swali zuri. Sikujua walimu wa jiografia wanaweza kuuliza hivyo. Hakimu aliacha kuandika. Benchi la mbele walikaa watu wawili waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na mmoja wao alikuwa amefungua daftari na kuinua kalamu. Nilimwona Chausiku kwenye benchi la nyuma, amejifunga khanga yake vizuri, ananiangalia kwa imani.

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Naapa ilikuwa mdomoni. Lakini nyuma yake niliona swali linalofuata likija mbio, la mwendesha mashtaka, lile la saa mbili na dakika thelathini na tano na nani alikuwa anafanya nini ndani yake. Nikaiona ile kalamu. Nikakumbuka nyumba yangu ni ya idara.

"Sikuona kitu," nikasema. "Nilikuwa nimelala."

Sijawahi kuona chumba kizima kikipata nafuu kwa pamoja namna ile. Hakimu aliandika haraka kabla sijabadili mawazo. Mtaalamu wa serikali, alisoma baadaye, alilala kama mwananchi mwema anavyopaswa kulala, na kwa hiyo hana la kupingana na ukweli rasmi. Mwalimu Kasanda alihukumiwa miezi tisa. Rula ilitaifishwa.

Nje, nilimkuta Chausiku kwenye kivuli cha ukuta. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari hata kwa kofi, kofi lingenisaidia. Alinipa kikombe cha maji, kwa kuwa mgeni aliyetoka mbali hupewa maji, akasubiri ninywe, akapokea kikombe.

"Basi pumzika, kaka," akasema, akaenda zake kumfuatilia mumewe.

Niliwahesabia miezi hiyo tisa, na hasira yangu ilikuwa haina pa kukaa. Nilimkasirikia Waziri, hakimu, ile kalamu, kisha nikirudi nyumbani nilijikuta nimejikasirikia mwenyewe. Huku nje Mizunguko ya Heshima ilikuwa imenoga. Serikali iliona inafaa kila mahali. Mgonjwa hospitalini aliandikwa ametibiwa ndani ya dakika arobaini na tano, kisha akazunguka kwa heshima kwenye korido hadi jioni. Barabara ya kusini ilikamilika rasmi, ikabaki inazunguka. Kila wizara ilileta hesabu zake kwangu, kwa kuwa uwiano wa kitaifa ulikuwa mmoja, arobaini na tano kwa mia mbili, na mkokotoaji ni yule yule.

Mwezi wa tisa wa kifungo, wiki ya mwisho, ikaja barua ya Magereza. Ilisema kwamba wafungwa sasa watahesabiwa wameachiwa siku kifungo kinapoisha, kisha watafanya Mizunguko ya Heshima humo humo gerezani kwa uwiano wa kitaifa. Mkokotoaji Mkuu anaombwa kujaza fomu iliyoambatanishwa. Jina la mfungwa: Kasanda. Kifungo: miezi tisa. Mizunguko: nafasi tupu.

Nikapiga hesabu. Miezi tisa kwa uwiano wetu ni miezi arobaini kamili, bila hata siku moja ya kubaki. Miaka mitatu na miezi minne, na katika hiyo, miezi thelathini na moja shemeji yangu angekuwa nyumbani kwa mujibu wa karatasi, na Chausiku angetakiwa atie sahihi kwamba amempokea. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu nikiomba nimekosea. Sijawahi kuchukia jibu lililotoka safi kiasi kile.

Nikachukua kalamu. Kwenye nafasi ya mizunguko nikaandika: Hakuna. Amefika. Nikagonga muhuri kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikaruka mezani.

Mkono ukishaandika ukweli hunogewa. Pembeni ilikuwapo fomu ya ndege ya kesho yake. Umbali, kilomita 2,140. Muda, saa tatu na dakika ishirini. Mizunguko, hakuna. Muhuri. Nikawaita matarishi, nikazituma zote mbili kabla ya akili kunirudia.

Magereza ya nchi yetu yana sifa moja nzuri: hayasomi, yanatazama muhuri. Lakini wizara husoma. Leo asubuhi, saa tatu kamili, Mheshimiwa Mapunje ameingia ofisini kwangu na fomu ya ndege mkononi na koti begani, akafunga mlango kwa mgongo wake. Sikuwa nimewahi kumwona bila koti. Hakufoka. Aliniambia ananipenda kama mdogo wake, kwamba kila mtu huteleza, na kwamba jambo hili linamalizika kwa maneno mawili.

"Sema ulikuwa umelala," akasema. "Uliandika usingizini. Ulishawahi kusema hivyo mahakamani na lilipita vizuri. Nani atamlaumu mwananchi kwa kulala?"

Nilimwangalia. Alikuwa ananiomba kweli. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye masikio.

"Nilikuwa macho, Mheshimiwa," nikamwambia. "Na kwenye ndege ile siku ya kesi pia nilikuwa macho, dakika zote mia mbili."

Akajifuta jasho. Kisha akavaa koti lake, akanitangazia kwamba askari wako njiani kutoka kituo cha jirani, dakika tano tu, akatoka. Sasa ni saa tisa alasiri. Kwa hesabu za serikali askari hao wameshafika zamani na nadhani wanazunguka. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwaandikia ninyi yote haya, kwa mwandiko wa kusomeka, na karanga za Chausiku zilizobaki nimemaliza.

Simu imelia muda mfupi uliopita. Ni Chausiku. Hatujazungumza tangu kile kikombe cha maji, na sikujua nianzie wapi, lakini yeye hakungoja nianze.

"Kaka, amefika," akasema. "Yuko hapa, anakula. Wamemwachia tangu saa saba." Nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga sahani, na sauti ya mtu akisema jambo na chakula mdomoni. "Anauliza utakuja lini kututembelea."

Simu zetu zina mtu wa tatu. Kila mwananchi anamjua, husikika akipumua, na leo nilimsikia hata akifungua daftari. Nikasogeza mkono wa simu karibu na mdomo ili asipate taabu, nikasema polepole, kama mtu anayemsomea mtoto imla.

"Mwambie huku ni mbali, mdogo wangu. Ni kilomita elfu mbili mia moja na arobaini."